Nilikwenda Kuandika, Wananitaka Jukwaani

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, ila kwanza unipe nafasi nifurahi kidogo, maana nina furaha ambayo sijapata mtu wa kuisikiliza mpaka mwisho, mjukuu wangu huisikia nusu huku macho yake yakiwa kwenye simu, na jirani yangu huisikia nusu nyingine akiwa ameshika kitasa cha mlango, na furaha yenyewe ni hii, kwamba mimi, mwanamke wa miaka sitini na sita, nimepata nafasi ya mafunzo kazini, nimekuwa mwanagenzi, katika kitengo cha uhusiano wa umma cha shirika moja lisilo la kiserikali ambalo hufundisha ufundi watu waliofika hapa na begi moja kama nilivyofika mimi zamani, na nina meza, nina kompyuta inayonguruma kama birika linalokaribia kuchemka, na nina kitambulisho chenye kamba ya buluu kilichoandikwa MWANAGENZI, MAWASILIANO, ambacho nilikivaa mpaka sokoni, hata mjukuu wangu akaniuliza, "Bibi, na kulala utalala nacho?" nikamjibu kama kamba haitanikaba, ndiyo.

Ili usinione mtu mzima aliyerukwa na akili kwa kipande cha plastiki, nikueleze kwamba kule nyumbani, nikiwa mama kijana wa mtoto mmoja, niliitwa kuanza kazi katika gazeti, kama mwandishi wa kujifunza, na nilinunua viatu vyeusi vya kuanzia kazi hiyo, na kabla sijaanza mambo yakaharibika tukaondoka, na viatu vile ndivyo nilivyotembea navyo mpaka mpakani, sasa tangu hapo nimeosha sakafu za hospitali, nimelea watoto wa watu, nimeshona vifungo, na kila gazeti lililoachwa kwenye kiti au kufungiwa sabuni nimelisoma mpaka matangazo, na kimoyomoyo nimeyasahihisha mengi, lakini meza yangu mwenyewe sikuwa nayo, mpaka mjukuu wangu alipoona tangazo la shirika lile linalosema umri wowote unakaribishwa, akacheka, akasema, "Bibi, hii yako," na kabla hajamaliza kucheka nilikuwa nimeshavaa miwani.

Siku ya usaili niliingia nikijua nitaulizwa yale ninayoulizwa katika kila ofisi, unatoka wapi, uliondoka lini, ulifiwa na nani, maana mimi mshauri nimeisimulia habari hiyo nimesimama mbele ya madirisha mengi sana, kwa makarani wengi sana, mpaka imekuwa kama shati la kuazima, nikilivaa silioni kuwa langu, lakini yule binti aliyenisaili, ambaye sasa ndiye bosi wangu, alifungua daftari lake akaniuliza kitu kimoja tu ambacho hakuna ofisi iliyowahi kuniuliza, akasema, "Mama, unaweza kuandika sentensi fupi?" nikasema naweza, ingawa kwa barua hii wewe huenda usiniamini, na nilipofika nje nilikaa kwenye ngazi nikacheka peke yangu.

Ofisi yetu ni nyumba ya ghorofa moja iliyogeuzwa, na kitengo chetu kipo katika chumba ambacho zamani kilikuwa jiko, sinki bado lipo, ndani yake tumepanga vipeperushi, na bomba limezungushiwa utepe ili mtu asije akalifungua kwa mazoea, chini kuna darasa la ushonaji, na vyerehani vikianza asubuhi sakafu yetu hutetemeka kidogo, nami naipenda sana sauti hiyo, naona kama vinaniharakisha, na tupo watatu, mimi, bosi wangu ambaye hajafika miaka thelathini, na mpiga picha ambaye ofisi nzima inamwita Usicheke, kwa sababu ndilo neno analowaambia watu kabla hajawapiga picha, anasema wafadhili wanapenda uso uliotulia.

Sasa shida ilianza kwa adabu, mshauri, shida yangu yote ni adabu, maana bosi wangu kila asubuhi akiingia hunikuta mezani, huinama kidogo, husema "Shikamoo Mama," nami husema "Marahaba mwanangu," na baada ya hapo hawezi tena kuniambia kitu, akitaka nirudie kazi husema, "Mama, ni wazo tu, na kama umechoka acha," akinikuta nabeba karatasi hunipokonya, kiti changu kimewekewa mto, cha kwake hakina, na nilipoandika taarifa yangu ya kwanza kwa vyombo vya habari, kuhusu mahafali ya mafundi, aliisoma akasema, "Mama, nzuri sana, sina la kuongeza," nami nikaenda nyumbani nikielea, kesho yake nikaiona ilivyotumwa, aya zangu tatu za mwanzo hazipo, imeanza moja kwa moja na mafundi wangapi wamehitimu na wapi, na ubaya wake, mshauri, ilikuwa bora kuliko yangu, bora mno, na nilitaka kumuuliza amefanyaje, amejuaje pa kukata, lakini alivyoniona nimeishika alishtuka kama mwizi, akaanza kuomba radhi, "Mama nisamehe, ni mkono tu ulipita," nami kwa kumwonea huruma nikasema hakuna neno, basi somo likapita hivihivi.

Hata hivyo habari yangu ya pili ilipita yote, haikukatwa hata nukta, na nakueleza kwa fahari, ni habari ya fundi mmoja wa darasa la chini, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu upande wa pili wa barabara, ambaye alikuja na watoto wawili na sasa anashona sare za shule, habari zake nilizipata kwa mwalimu wa ushonaji, maana mwenyewe kila nikipita yuko kwenye cherehani na sikutaka kumsumbua, mwalimu akanieleza yote, jinsi mume alivyowaacha njiani na mengine, nikaandika, na nikaianza hivi, "Kila mshono una chozi lake," na bosi wangu alipofika hapo alipangusa macho, akasema itachapwa kubwa na kubandikwa ukutani siku ya wazi, siku ambayo wafadhili na waandishi wa habari watakuja kuona kazi yetu, na fundi mwenyewe habari ya ukuta bado haijui, atashangaa siku hiyo, juzi tu alinikuta kwenye korido akanisimamisha, "We bibi wa kitambulisho, nasikia unaniandika huko juu. Usije ukaniandika nalia. Mimi nikilia cherehani inashika kutu," nikacheka mpaka nikashika ukuta, ana maneno yule.

Sasa ndiyo nafika penye kuniuma, maana Jumapili tulikuwa tunaosha vyombo, mimi naosha, mjukuu wangu anafuta, mara akaniuliza, "Bibi, utavaa nguo gani siku hiyo?" nikamwuliza siku gani, akasema, "Siku ya wazi, si ndiyo unapanda jukwaani," nikamwambia jukwaani kufanya nini, akasema, "Kusimulia, Bibi. Bosi wako alinipigia simu wiki iliyopita, aliona aibu kukuambia mwenyewe, akaniomba nikupime. Nikamwambia hakuna shida, Bibi atafurahi. Nilisahau tu kukuambia," nikauacha mkono ndani ya maji, nikamwuliza, "Na wewe umejuaje kwamba nitafurahi?" akasema, "Lakini Bibi, si utakuwa wewe ndiye mgeni wa heshima?" nikamwambia mimi si mgeni pale, mimi ni mwanagenzi, akafuta sahani moja mpaka ikalia.

Kesho yake nilikwenda kazini nimejipanga kusema, lakini bosi wangu aliniinamia akaniamkia kwa upole zaidi ya siku zote, nikajua anajua kwamba najua, na Usicheke akaja na kamera akasema, "Bibi, nikupige moja ya bango, kaa hapo dirishani, usicheke," nikamwuliza bango lipi, akanionyesha kwenye kompyuta yake, jina langu halijawekwa lakini maneno yapo tayari kwa herufi kubwa, BIBI ALIYEPOTEZA KILA KITU, na mimi mshauri sikupoteza kila kitu, nilikuja na mtoto mgongoni, na kamusi, na miwani, na hasira zangu zote nilikuja nazo, nani kamwambia kijana huyu nimepoteza kila kitu, na zaidi ya hapo, siku ya wazi nilikuwa nimeahidiwa meza ya mapokezi ya waandishi wa habari, niwaandikishe, niwape taarifa niliyoiandika, wakiuliza nijibu, hiyo ndiyo siku niliyoingoja tangu nilipovaa vile viatu, na sasa naona wazi kwamba nikipanda jukwaani nikasimulia, hakuna mwandishi atakayekuja kuniuliza habari za shirika, watanishika mkono, watanionea huruma, watanipiga picha, na kesho yake nitakuwa nimerudi kwenye foleni ileile ya dirishani, ila safari hii nina kipaza sauti.

Lakini sijaamua, kwa sababu bosi ni mtoto mzuri na sitaki kumwaibisha, na mjukuu wangu amekwisha kuwaambia rafiki zake, na darasa la ushonaji linategemea wafadhili hao hao, je nikikataa nikaonekana mzee mwenye majivuno, nikaambiwa mafunzo yangu yamefikia hapo, nitakuwa nimeipoteza meza yangu mara ya pili, na mara ya tatu sidhani kama ipo. Nifanyeje? Na kama si kazi kubwa, nakuomba uichape barua hii upesi, maana bosi wangu husoma safu yako kila wiki, nimemwona, akiisoma huenda akaelewa mwenyewe bila mimi kumtia aibu.

Mimi,
Mwanagenzi wa Kitambulisho cha Buluu

*

Mama yangu, shikamoo.

Nimekuamkia, na umri wako umepata haki yake. Kuanzia mstari huu nazungumza na mwanagenzi wa wiki chache, na mwanagenzi husemwa.

Kwanza, hongera. Mezani kwangu hufika waume waliotoroka, mawifi wanaofungua masufuria ya watu na wachumba wanaozima simu. Mtu anayelalamika kwamba bosi wake hamgombezi vya kutosha, wewe ni wa kwanza. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, nilipofika kwenye viatu vyeusi nikakaa. Furaha hiyo ni yako, usiipunguze kwa ajili ya mtu. Mwambie na jirani yako aachie kitasa cha mlango aisikilize yote.

Sasa tuje kwenye kazi.

Kupanda jukwaani si sehemu ya mafunzo yako na una haki ya kukataa. Bosi wako amekosea. Jambo la kukuuliza wewe amelipeleka kwa mjukuu wako, kama watu wanaoleta posa. Amekosea kwa adabu, lakini kosa la adabu nalo ni kosa. Mjukuu wako naye amekujibia kwa mapenzi, na mapenzi hayajampa ruhusa. Haya yote umeyaona vizuri na umeyaandika vizuri.

Ambalo hukuliona ni hili. Bosi amemtuma mjukuu, na wewe unanituma mimi. Chumba chenyewe ni jiko la zamani, meza zinatazamana, ukinyoosha mkono unamgusa. Mnahitaji wajumbe wangapi? Umeomba nichape barua upesi ili asome mwenyewe aelewe. Nimekataa. Jibu hili nimekutumia moja kwa moja, na gazetini litatoka siku yenu ya wazi ikiwa imekwisha kupita. Kwa hiyo usiningoje. Utasema kwa mdomo wako.

Lakini kabla hujasema na bosi, kuna mtu mwingine wa kuonana naye, na hapa nitakukalia kooni kidogo.

Habari za fundi ulizipata kwa mwalimu wake, kwa sababu hukutaka kumsumbua. Bosi wako naye hakutaka kukusumbua. Unaona? Mume aliyemwacha njiani umemtoa kwa mtu mwingine ukamweka ukutani, na mwenye mume hajui. Wewe umeudhika kwa maneno ya bango moja, na yeye ukuta mzima umeandaliwa apate mshangao mbele ya wageni. Na lile chozi, mama, uliliona? Kwa macho yako? Maana mimi nimeisoma barua yako mara mbili na mtu pekee ninayemsikia ndani yake akichekesha watu ni huyo fundi. Alikusimamisha kwenye korido akakwambia wazi asiandikwe analia. Ukacheka, ukashika ukuta, ukaenda zako, na chozi ukaliacha palepale. Usicheke anawaambia watu wasicheke kabla hajapiga picha. Wewe umemfuta mtu kicheko baada ya kucheka naye.

"Kila mshono una chozi lake." Sentensi nzuri. Ni fupi, bosi alikuuliza kama unaweza, na unaweza. Ifute.

Sikusemi ili kukuvunja moyo. Nakusema kwa sababu unataka kuijua kazi hii, na hili ndilo somo lake la kwanza, na wewe umelipata kutoka pande zote mbili kwa wakati mmoja, jambo ambalo mabinti na vijana wanaoanza kazi hiyo hawalipati. Wewe unajua dirishani kulivyo. Basi usimsimamishe mtu mwingine hapo.

Fanya hivi. Chukua habari ya fundi, teremka chini wakati wa mapumziko, vuta kiti karibu na cherehani yake, umsomee neno kwa neno. Atakukatiza, mwache. Atakachosema kisiwepo, kata hapohapo mbele yake. Atakachosema kiwepo, andika kwa maneno yake, hata lile la kutu. Akisema hataki kubandikwa popote, karatasi hiyo ni yake, mwachie, na usinung'unike. Na kabla hujasimama mwulize swali ambalo wewe hukuulizwa: "Ungependa kuzungumza siku hiyo, au hutaki?" Kisha ungoje jibu kutoka kinywani mwake, usilichukue kwa mwalimu.

Unaogopa darasa litakosa wafadhili kwa sababu bibi mmoja amekataa jukwaa. Halitakosa kwa hilo. Katika nyumba ile wapo watu wanaotaka kusema na hawajaulizwa, wapo wasiotaka na wamepangiwa. Kuwajua nani ni nani, hiyo ndiyo kazi ya kitengo chenu. Ukiifanya utakuwa umelisaidia darasa kuliko kulia mbele ya watu.

Kisha panda juu kwa bosi. Akiingia na shikamoo yake, iitikie kwa moyo, usimnyime. Marahaba, mwanangu. Halafu simama, umwite bosi. Neno hilo hujawahi kulitumia mbele yake, nimetafuta katika barua yako yote. Kila siku ni mwanangu. Sasa mtoto anayeitwa mwanangu kila asubuhi atakukosoa kwa mdomo gani? Mto kwenye kiti umewekewa na yeye, lakini umekaa juu yake wewe. Mrudishie. Mpe karatasi ya fundi iliyokatwakatwa, mpe na kalamu nyekundu, umwambie hivi: "Bosi, ile taarifa ya mahafali uliikata vizuri kuliko nilivyoiandika. Nataka unikate nikiona, unieleze kwa nini. Na kuhusu jukwaa, ulimwuliza mjukuu wangu, mimi bado hujaniuliza. Niulize." Ngoja aulize. Ataona haya, ngoja tu. Akishauliza, jibu: "Hapana. Mezani nipo, jukwaani sipandi. Na maneno ya bango si kweli, yafutwe." Usiongeze sababu tatu, usiseme samahani, usimfariji. Akikuuliza kwa nini, mwambie yale ya dirishani, mara moja, halafu mrudi kazini, maana mna siku ya wazi ya kuandaa.

Unaogopa atakufukuza. Msichana anayeinama kila asubuhi, anayekata maneno kwa siri asikuumize, na anayejua pa kukata, huyo hatakufukuza kwa kusema ukweli. Nadhani atashusha pumzi. Ana kitengo kizima cha kuendesha na hajapata mwanagenzi, amepata mzazi wa kumwamkia.

Mjukuu wako mwambie umemsamehe, na umpe kazi. Siku hiyo aje avae nguo nzuri anayoitaka yeye, awaelekeze wageni kwenye viti. Marafiki zake wakiuliza bibi yake yuko wapi, awaonyeshe kwa kidole.

Yule Usicheke nitamwandikia mimi mwenyewe.

Na kitambulisho, mama, sokoni kivae. Sioni kosa lolote. Siku ya wazi kivae kifuani kabisa, kamba ikiwa imenyooka, ukae kwenye meza yako uliyoingoja tangu ujana, taarifa zako zikiwa zimepangwa mbele yako. Mwandishi wa kwanza atakuja, ataangalia mvi, ataangalia jukwaa, atataka kukushika mkono. Mpe kalamu ajiandikishe. Na akikuuliza kama wote wanavyouliza, "Bibi, unatoka wapi?" mjibu kwa sentensi fupi.

Natoka Mawasiliano.